Mafuta ya kung'arisha ngozi: yalitoka wapi, na kwa nini muganga atangulie

Mafuta ya kung'arisha ngozi ambayo wamama na vijana wananunua leo Goma, Bukavu na hata kando ya kambi za wahamaji wa vita yana historia ndefu. Sehemu moja ya historia hiyo ni ajali ya kazi.

Mwaka 1939, katika jimbo la Illinois, Marekani, waganga waliandika juu ya wafanyakazi weusi wa kiwanda cha kutengeneza ngozi za wanyama. Mikono yao ilikuwa imetoka mabaka meupe. Sababu ilikuwa glavu za mpira walizovaa: mulikuwa dawa ya kulinda mpira, ya jamaa moja na hidrokinoni. Miaka ilipopita, hidrokinoni yenyewe ikaanza kuuzwa kama urembo.

Mafuta mengine yalitiwa zebaki. Mwaka 1972 waganga wa Nairobi walitangaza uchunguzi wao juu ya wagonjwa wa mafigo: zaidi ya nusu walikuwa wamejipakaa mafuta ya kung'arisha. Zebaki hupita kwenye ngozi, huingia katika damu, na huharibu mafigo.

Mwaka 1975 mambo mawili yalitokea. Afrika Kusini, muganga Findlay alieleza ugonjwa wa wanawake waliojipakaa hidrokinoni kwa muda mrefu: uso ulikuwa umegeuka mweusi wa buluu na wenye vipele vigumu, kinyume cha kile walichotafuta. Mwaka huohuo, Marekani, muganga Kligman alitangaza muchanganyiko wa dawa tatu wa kutibu madoa meusi ya uso, na mumoja kati ya dawa hizo ni hidrokinoni ileile. Waganga wa ngozi wanautumia hata leo.

Dawa ni moja, matokeo mawili. Muganga anaangalia kwanza doa limetoka wapi: mimba, jua, chunusi ao ugonjwa mwingine. Anachagua kipimo, anapanga siku ya kuacha, anamwambia mugonjwa ajikinge na jua. Kwenye soko hakuna anayeuliza hayo, na mara nyingi karatasi ya chupa haisemi yote yaliyo ndani.

Afrika Kusini ilikataza hidrokinoni katika mafuta ya urembo mwaka 1990. Mapatano ya Minamata ya mwaka 2013, yaliyopewa jina la muji wa Japani uliosumishwa na zebaki, yaliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa mafuta ya kung'arisha yenye zebaki. Hata hivyo biashara inaendelea.

Kwa familia zilizohama, hatari ni kubwa zaidi. Mafuta yenye kortikoidi, kama clobétasol, hupunguza unene wa ngozi. Mama akipasuliwa wakati wa kuzaa, kidonda kinaweza kukawia kupona. Kwa hiyo mama mwenye mimba amwambie muuguzi mapema kile anachojipakaa, hata kama anaona haya. Aliyejipakaa kortikoidi kwa miezi asiache kwa gafula bila shauri, maana ngozi inaweza kuwaka vikali.

Muganga wa ngozi akiwa mbali, kituo cha afya ndicho mulango wa kwanza. Beba chupa yenyewe, umuonyeshe muuguzi. Wakati wa kungoja, kofia ao kitenge kichwani hukinga uso na jua, bila kuongeza doa lingine.