Amri za swichi zinapobadilika baada ya programu kuboreshwa

FUNDI wa mtandao anapoboresha programu endeshi ya swichi usiku wa manane, hofu yake ya kwanza huwa kwamba kifaa hakitawaka tena. Mara nyingi huwaka. Taabu huanza pale anapoandika amri aliyoizoea kwa miaka mingi, na swichi ikamjibu kuwa haiitambui.

Swichi ni kifaa kinachounganisha kompyuta, kamera, simu za mezani na ruta katika ofisi, shule, hospitali au jumba la kupangisha, na kupitisha data kutoka tundu moja hadi jingine. Mafundi wengi huitawala kwa kuandika amri kwenye skrini, neno baada ya neno. Amri hizo zina sintaksia yake, kama vile sentensi ya Kiswahili ilivyo na kiima na kiarifu, ila sintaksia hii ni mali ya kampuni iliyounda kifaa, na kampuni yaweza kuibadilisha itakapo.

Mfano ulio bayana ni wa MikroTik, kampuni ya Latvia iliyoanzishwa 1996 mjini Riga, ambayo vifaa vyake vya bei nafuu hupendwa humu nchini na wafanyabiashara wadogo wanaosambaza intaneti mitaani. Mnamo Desemba 2017 kampuni hiyo ilitoa toleo la 6.41 la RouterOS, programu inayoendesha ruta na swichi zake. Katika toleo hilo, mpangilio uliojulikana kama "master-port" ulifutwa kabisa.

Hadi wakati huo, aliyetaka matundu kadhaa yafanye kazi kama swichi moja aliteua tundu moja kuwa kiongozi, kisha akayaagiza mengine kulifuata. Ili tundu la tatu lifuate la pili, aliandika hivi:

/interface ethernet set ether3 master-port=ether2

Data kati ya matundu hayo ilipitia kwenye chipu ya swichi bila kuisumbua prosesa, na kwa hivyo ilikwenda kwa kasi. Kando na mpango huo kulikuwa na daraja, ambalo katika amri huitwa "bridge". Daraja liliunganisha matundu kwa nguvu za prosesa, likawa la polepole, na mafundi walifunzwa kuliepuka panapohitajika kasi.

Toleo la 6.41 liliunganisha njia hizo mbili. Daraja lilipewa uwezo wa kuitumia chipu, na tangu hapo kila tundu huingizwa darajani:

/interface bridge port add bridge=bridge1 interface=ether3 hw=yes

Kwa maneno mengine, kile ambacho fundi alikuwa ameonywa asikitumie ndicho sasa kilichokuwa njia ya pekee. Si ajabu kwamba baadhi walichelewa kuamini.

Kampuni haikuwaacha wateja wake jangwani. Kifaa kilipoboreshwa, mipangilio ya zamani iligeuzwa yenyewe ikawa ya daraja. Kwa ofisi yenye swichi moja hilo lilitosha, na huenda wengi hawakutambua kuwa lolote limebadilika. Yaliyosalia ni yale ambayo programu haiwezi kumgeuzia mtu: skripti alizohifadhi kwenye kompyuta yake, maelezo aliyomwandikia msaidizi wake, na mazoea ya vidole.

Skripti ndizo zilizo na hatari kubwa. Anayesimamia vifaa vingi huandika amri zote katika faili moja, kisha huiingiza kwenye kila kifaa kipya. Faili hiyo ikikutana na neno lililofutwa, RouterOS hulalamika kwamba ilitarajia amri iwe imekwisha mahali hapo, na kazi hukoma papo hapo. Amri zilizotangulia kosa huwa zimekwishatekelezwa, zilizofuata hazijasomwa. Iwapo kanuni za ulinzi ziliwekwa mwishoni mwa faili, kifaa hubaki kikifanya kazi huku mlango wake ukiwa wazi.

Kanuni za ulinzi zenyewe zina mtego mwingine. Tundu likishaingizwa darajani, data inayoingia huhesabiwa kuwa imetoka kwenye daraja, si kwenye tundu. Kanuni iliyoandikwa kuzuia kitu fulani kutoka "ether2" haimzuii tena yeyote. RouterOS huiweka alama ya kuonyesha kuwa si halali na kushauri daraja litajwe badala yake, lakini alama hiyo huonekana tu kwa anayefungua orodha ya kanuni na kuisoma. Mtandao unaendelea kama kawaida, wateja hawalalamiki, na ulinzi haupo.

Baada ya kuboresha, basi, jambo la kwanza ni kuangalia orodha ya matundu ya daraja kwa amri "/interface bridge port print". Tundu linalohudumiwa na chipu huwa na herufi H kando yake. Herufi hiyo ikikosekana, data inapitia kwenye prosesa, na swichi iliyokuwa na kasi jana itaanza kusuasua watumiaji wakiongezeka. Pia yafaa kukumbuka kwamba daraja jipya huja na itifaki ya RSTP, ya kuzuia mizunguko ya data, ikiwa tayari imewashwa. Mpango wa zamani haukuwa nayo.

Suala la VLAN, yaani kuugawa mtandao mmoja katika mitandao kadhaa isiyoonana, linahitaji uangalifu zaidi. Toleo hilo lilileta "vlan-filtering=yes", na hapa amri moja ina matokeo mawili. Katika swichi za mfululizo wa CRS3xx, chipu huibeba kazi hiyo bila shida. Katika CRS1xx na CRS2xx haiibebi. Anayeiwasha huitwika prosesa mzigo wote, ilhali VLAN za vifaa hivyo zilipaswa kupangwa chini ya "/interface ethernet switch". Fundi anayenakili mfano wa mwenzake bila kutazama jina la kifaa anaweza kuudhoofisha mtandao mzima kwa mstari mmoja tu.

Hata kwenye kifaa kinachofaa, amri hiyo huja mwisho, baada ya jedwali la VLAN kukamilika. Anayeiwasha mapema hujifungia nje, na ikiwa swichi iko juu ya mnara au katika mji mwingine, itambidi asafiri. Kinga ipo: kubonyeza Ctrl na X kabla ya kuanza. Mawasiliano yakikatika katika hali hiyo ya usalama, kifaa hufuta chenyewe mabadiliko yaliyofanywa.

Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hapa sivyo. Anayerudisha toleo lililotangulia 6.41 harudishiwi "master-port" yake. Hupata daraja la aina ya zamani, lile linaloitegemea prosesa, na hulazimika kupanga upya kila kitu. Ndiyo maana nakala huchukuliwa kabla ya kuboresha, na ziwe mbili: ya "/system backup save", inayoweza kurejeshwa nzima kwenye kifaa kilekile, na ya "/export", ambayo ni maandishi ya kawaida. Zote mbili zihamishiwe nje ya swichi. Nakala ya maandishi ina faida nyingine: ikichapishwa tena baada ya kuboresha, faili hizo mbili zikiwekwa bega kwa bega huonyesha wazi amri gani imegeuka kuwa ipi.

MikroTik haiko peke yake. Cisco iliwahi kuwahamisha wateja wa swichi za Catalyst kutoka CatOS, ambako VLAN ilipangwa kwa amri inayoanza na "set", hadi IOS, ambako mtu huingia kwanza kwenye tundu lenyewe. Hata ndani ya IOS, "show mac-address-table" ya matoleo ya zamani iligeuka kuwa "show mac address-table", kistari kimoja kikaondoka na skripti zilizokitegemea zikaanguka. Juniper nayo, ilipoleta mtindo wake mpya uitwao ELS, ilibadilisha "port-mode" ikawa "interface-mode", na "vlan" iliyobeba anwani ikawa "irb". Juniper angalau iliwapa wateja chombo cha kutafsiri mipangilio ya zamani, hatua ambayo kampuni nyingine zingefaa kuiga.

Kwa watumiaji wa MikroTik, mageuzi ya 2017 yalifuatwa na makubwa zaidi Desemba 2021, toleo la 7.1 lilipotolewa. Safari hii walioguswa zaidi ni wanaopanga njia za data kati ya mitandao. Sehemu ya "/routing bgp peer" iliondoka, nafasi yake ikachukuliwa na "connection" na "template", nazo kanuni za kuchuja njia zikawa na sintaksia ya masharti inayoanza na "if". Njia ya amri sasa huandikwa kwa mkwaju kati ya kila neno, kama "/ip/address/print", ingawa anayeacha nafasi kama zamani bado hueleweka.