Toka bega la mtu mpaka hewa: historia ya mzigo na barabara kwetu

Leo tuseme juu ya kitu kinachobeba mzigo bila kuonekana, yaani hewa.

Zamani huku hakukuwa na resori ya chuma wala mupira. Resori ilikuwa bega la mtu. Mwishoni mwa mwaka 1876 Stanley alifika Nyangwe na mashua yake, Lady Alice, iliyokatwa vipande. Ilitoka Bagamoyo mwaka 1874, na kila palipokosa maji ilibebwa na wapagazi. Baadaye wakubwa wa koloni nao walibebwa kwa tipoyi. Shimo la njia halikumuumiza aliyeketi juu. Liliumiza magoti ya aliye chini.

Mwaka 1888, kule Belfast, Dunlop alitengeneza mupira wa velo wenye hewa ndani. Hewa ikabanwa, ikachukua mishtuko ya njia. Lakini utomvu wa mupira ulitafutwa pia katika misitu ya Kongo, na chini ya Leopold wa Pili wazee wetu waliulipa kwa viboko na damu. Kwa hiyo starehe ya magurudumu ya Ulaya ilikuwa bado juu ya bega letu.

Mwaka 1938 Mwitalia Attilio Gatti alianza safari ya kuja Kongo ya Wabelgiji na nyumba mbili za magurudumu, zilizotengenezwa na International Harvester ya Marekani na kuvutwa na kamio. Ndani mlikuwa vitanda, jiko na bafu. Miaka michache baadaye, wakati wa vita, kazi ya lazima ya wanakijiji iliongezwa toka siku 60 mpaka 120 kwa mwaka, na mupira ulikuwa kati ya vitu vilivyodaiwa.

Toka mwaka 1973 mpaka 1978, General Motors ilitengeneza nyumba-gari ambayo nyuma yake ilikaa juu ya mifuko ya hewa, mmoja kila upande. Mzigo ukizidi, hewa inaongezwa, na gari linabaki kwenye kimo chake. Mzigo ukipungua, hewa inatolewa. Mfuko ukivuja, nyuma inaketi chini na kila shimo linagonga chuma. Hewa nyingi kupita kiasi nayo inafanya gari kuwa gumu na kurukaruka.

Sheria hiyo ni ileile kwa kamio na velo zetu. Mupira wenye hewa kidogo chini ya mzigo mkubwa unajikunja, unapata moto, unapasuka. Na hewa haiwezi kuokoa kamio lililojazwa magunia, na juu ya magunia watu. Kadiri mzigo unavyopanda juu, ndivyo gari linavyopinduka upesi kwenye mteremko.

Kuna familia zinazohama na nyumba nzima juu ya velo moja: sufuria, godoro, mtoto. Hao ndio wenye nyumba za magurudumu za leo. Mama, baba, kabla ya kuondoka, bonyeza mupira kwa kidole. Shofere, tazama kimo cha gari lako kabla ya kuhesabu pesa. Ikiwa limeketi upande mmoja, shusha mzigo kwanza. Magunia yanaweza kungoja safari ya pili.