Mkongwe wa angani aliyelinda chai ya Kericho

Mchai hauogopi uzee. Kericho ipo michai iliyopandwa baada ya Brooke Bond na James Finlay kuingia miaka ya 1920. Kila baada ya miaka michache hupogolewa ikabaki visiki, kisha ikachipua, na wachumaji wakarudi.

Ndege haichipui. Naitaja ndege kwa kuwa majani ya Kericho na Bomet hayaishii Mombasa, ulikohamia mnada wa chai kutoka Nairobi mwaka 1969. Hupanda meli kwenda Karachi, Misri na Uingereza. Maharamia wa Kisomali walipoanza kuteka meli hata mbali na pwani, Umoja wa Ulaya ulianzisha Operesheni Atalanta, Desemba 2008. Miongoni mwa zilizochunga bahari kutoka angani ni ndege za P-3 Orion za Uhispania, zilizoruka kutoka Djibouti.

Orion ilitokana na ndege ya abiria, Lockheed Electra. Jeshi la majini la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1962 kusaka nyambizi za Kisovieti. Ina injini nne za propela, na inaweza kukaa angani zaidi ya saa kumi. Zile za Uhispania ziliundwa miaka ya 1960, zikatumika kwanza Norway, kisha zikauzwa mitumba (wenye matatu wa Kericho wanayajua maisha hayo). Zikang'olewa vifaa vya kale, zikafungwa rada mpya, kamera za kuona gizani na kompyuta za kukusanya habari zote mahali pamoja.

Macho mapya, mifupa ileile. Hewa ya chumvi huleta kutu, na kila safari huongeza nyufa ndogo kwenye bawa, zisizoonekana ila kwa vipimo. Norway, kwa Orion zake za baadaye, ililazimika kununua mabawa mapya. Ujerumani ilianza kukarabati Orion nane ilizonunua Uholanzi, ikasitisha kazi mwaka 2020, na mwaka uliofuata ikaagiza ndege mpya, P-8 za Boeing. Kwa maoni yangu, Wahispania walikula jasho lao. Wajerumani walilipa kwanza, wakaukubali uzee wa ndege baadaye.

Pakistan, mnunuzi wetu mkubwa wa chai, nayo ilikuwa na Orion. Mbili ziliteketezwa Karachi tarehe 22 Mei 2011, wavamizi walipoingia kituo cha wanamaji cha Mehran.

Orion za Uhispania zilistaafishwa Desemba 2022.