Fomu ya Word au kanzidata: Ofisi ichague ipi?

OFISI nyingi zinapoacha majalada ya karatasi na kuhamia kwenye kompyuta, kosa la kwanza hufanyika kimyakimya. Karani hufungua programu ya kuandikia barua, huchora fomu yenye nafasi za jina, anwani na tarehe, huijaza, huihifadhi, kisha huanza nyingine. Baada ya miaka miwili yapo mamia ya mafaili, na meneja akiuliza ni wateja wangapi wanaodaiwa, hakuna awezaye kumjibu bila kuyafungua moja baada ya jingine.

Tatizo hilo halitokani na uzembe wa karani, bali na chombo alichokichagua. Programu ya kuandikia, kama Microsoft Word iliyoanza kuuzwa mwaka 1983, imetengenezwa kwa ajili ya waraka: mpangilio wa ukurasa, ukubwa wa herufi na sura ya maandishi yatakapochapishwa. Kwake, jina la mteja na kiasi anachodaiwa ni maandishi tu yaliyokaa mahali fulani kwenye ukurasa.

Kanzidata hufanya kazi kwa namna nyingine. Msingi wa kanzidata nyingi zinazotumika maofisini uliwekwa mwaka 1970 na Edgar Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM, aliyependekeza taarifa zitunzwe katika majedwali yanayounganishwa kwa thamani zilizomo ndani yake, kama vile namba ya mteja. Kila jambo huandikwa mara moja, mahali pamoja.

Mfano wa SACCOS

Uzito wa tofauti hiyo huonekana katika chama cha akiba na mikopo. Tuseme mwanachama amechukua mikopo mitatu kwa nyakati tofauti. Katika fomu za Word, anwani yake imeandikwa mara tatu. Akihama, karani husahihisha fomu moja na kuzisahau mbili. Barua ya kumkumbusha deni huenda kwenye anwani ya zamani, naye asipojitokeza, anayefuatwa ni mdhamini wake.

Katika kanzidata, anwani ipo kwenye jedwali la wanachama pekee, na jedwali la mikopo hubeba namba ya uanachama tu. Ikisahihishwa mara moja, barua zote zitakazotolewa baadaye hubeba anwani mpya. Aidha, kanzidata iliyosanifiwa vizuri hukataa herufi pale panapotakiwa tarehe, na hukataa namba moja ya uanachama kupewa watu wawili.

Excel nayo ina mipaka

Baadhi ya ofisi hukimbilia Excel. Programu hiyo ni hodari kwa mahesabu na orodha fupi, lakini kuigeuza ghala la kumbukumbu zote ni hatari. Mwaka 2020 nchini Uingereza, watu 15,841 waliokutwa na UVIKO-19 hawakuingizwa kwa wakati katika takwimu, kwa sababu mafaili ya Excel ya muundo wa zamani, yenye ukomo wa mistari 65,536, yalijaa. Waliopimwa walipewa majibu yao, lakini kazi ya kuwatafuta watu waliokutana nao ilichelewa.

Maswali ya kujiuliza

Kabla ya kuchagua, ofisi haina budi kujiuliza maswali manne. Je, taarifa hizo zitatafutwa na kujumlishwa, au zitachapishwa na kutiwa saini tu? Je, mtu mmoja atakuwa na kumbukumbu nyingi? Je, wafanyakazi wengi watazitumia kwa wakati mmoja? Je, zitaendelea kuongezeka?

Ikiwa ni mkataba, barua au fomu ya likizo ya kutiwa saini, Word inatosha. Majibu mengi yakiwa "ndiyo" kuhusu kutafuta, kujumlisha, kushirikiana na kuongezeka, kanzidata ndiyo njia. Ofisi ndogo inaweza kuanza na Microsoft Access au LibreOffice Base, ambayo hutolewa bila malipo.

Viwili hivyo si maadui. Word inaweza kuchukua majina na anwani kutoka kwenye kanzidata na kutoa mamia ya barua kwa mpigo, kila moja ikiwa na jina la mhusika.

Hata hivyo, kanzidata ina gharama zake. Inahitaji kusanifiwa kwenye karatasi kabla ya kugusa kompyuta, na mtu wa kuitunza. Kwa kuwa kila kitu kimekusanywa pamoja, ikiharibika bila nakala ya akiba, hasara ni ya ofisi nzima. Vilevile, Kenya ilitunga sheria ya kulinda data mwaka 2019 na Tanzania ikafuata mwaka 2022. Hivyo nywila na mipaka ya nani aone nini ni wajibu wa kisheria.

Ofisi inayosita na ianze na jedwali moja, la wateja, kabla mafaili hayajawa mengi. Kuyahamisha mafaili 100 kwa mkono ni kazi ya siku chache. Yakifika 10,000, ni kazi ya miezi.