Chapa juu ya Chupa: Lebo za Bia ya Nyumbani na Chanzo Chake

Neno «chapa», lililoingia katika Kiswahili kutoka Kihindi, lina maana mbili zinazokaribiana: alama ya kutambulisha mali, na maandishi yaliyopigwa kwa mtambo. Maana hizo hukutana katika lebo ya bia, kwani lebo ni alama ya mwenye mali na vilevile ni kazi ya mpiga chapa. Yafaa basi kuuliza: kwa nini mtu anayepika bia nyumbani, asiyeruhusiwa kuiuza, hujisumbua kuibandikia lebo?

Lebo ya karatasi ilizaliwa na umbali. Zamani bia ya Ulaya iliwekwa katika mapipa, na alama ya mpishi iliunguzwa juu ya ubao. Mwishoni mwa karne ya 18, Alois Senefelder alivumbua huko Bavaria uchapaji wa kutumia jiwe, ambao baadaye ulirahisisha kutoa picha nyingi za rangi. Mwaka 1845 Uingereza ilifuta ushuru wa kioo, na bei ya chupa ikapungua. Bia ikazidi kusafiri mbali na aliyeipika, na mnywaji asiyemjua mpishi akahitaji alama ya kumtuliza moyo. Tarehe 1 Januari 1876 pembetatu nyekundu ya kiwanda cha Bass iliandikishwa kuwa alama ya kwanza katika daftari la alama za biashara la Uingereza.

Desturi hiyo ilifika Katanga pamoja na viwanda. Kiwanda cha bia kilianzishwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1925. Lebo ya bia yake, Simba, ina picha ya mnyama huyo, ambayo hata asiyejua kusoma huitambua. Bia nyingine ya mji huo, Tembo, inabeba jina lenye maana mbili katika Kiswahili: ndovu, na pombe ya mnazi.

Kinyume chake, munkoyo wa Katanga na kasiksi ya Kivu kwa desturi havina lebo. Mnywaji anamjua mama aliyepika, anaijua nyumba yake, na akitaka kujua kinywaji kilipikwa lini, humwuliza mwenyewe. Jina la mama huyo latosha.

Huko Uingereza, leseni iliyotakiwa kwa upishi wa bia ya nyumbani ilifutwa mwaka 1963. Nchini Marekani, marufuku ya vileo iliondolewa mwaka 1933, lakini bia ya nyumbani iliendelea kukatazwa na sheria ya shirikisho hadi Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria mpya tarehe 14 Oktoba 1978. Sheria hiyo iliruhusu galoni 100 kwa mwaka katika nyumba yenye mtu mzima mmoja, na 200 palipo na wawili au zaidi, bila kuuza. Kwa hiyo chupa zikawa zawadi kwa jirani na rafiki, nazo zikahitaji jina.

Kutengeneza lebo hizo hakuhitaji mtambo mkubwa. Wengine huchora kwa mkono na kutoa nakala kwa fotokopi. Wengine hutumia kompyuta na printa. Wino wa majimaji wa baadhi ya printa huchuruzika ukilowa, bali unga wa fotokopi hustahimili maji. Gundi inayopendwa ni maziwa yasiyo na mafuta: hupakwa nyuma ya karatasi, protini yake hushika kioo, na chupa ikilowekwa lebo hutoka bila shida. Chupa hiyo hutumika tena.

Hata hivyo, uzuri wa picha si jambo la kwanza. Bia ya nyumbani kwa kawaida huendelea kuchachuka ndani ya chupa, na ikitiwa mapema mno kabla ya sukari kwisha, chupa yaweza kupasuka na kujeruhi. Lebo yenye jina la mpishi, aina ya bia na tarehe ya kuijaza humwambia mpokeaji ni lini inafaa kunywewa na nani wa kuulizwa. Chupa ikisha kutoka nje ya mtaa wa mpishi, karatasi hiyo hufanya kazi ambayo nyumbani hufanywa na mama mwenyewe: kujibu.