Valvu, jozi ya waya na bei ya betri

Wapo wapenzi wa santuri wanaorudi kwenye valvu, vile vioo vinavyowaka rangi ya chungwa ndani ya redio za zamani. Swali lao kubwa huwa hili: ninunue priamplifaya ya valvu ya kawaida, au ile iliyo balansi? Priamplifaya ni kifaa kinachopokea sauti hafifu na kuiandaa kabla haijaenda kwenye amplifaya kubwa. Wauzaji hujibu kwa kusifia utamu wa sauti. Mimi naona historia ina jibu zuri zaidi, na ukiitazama kutoka Mpanda inaeleweka haraka.

Balansi haikubuniwa kwa ajili ya sebule. Simu za mwanzo zilitumia waya mmoja, na mkondo ulirudi kupitia ardhini. Telegrafu na tramu za umeme zilipoanza kutumia ardhi hiyohiyo, ikawa kelele tupu. Miaka ya 1880 kampuni za simu za Marekani zikaanza kuhamia waya mbili, na Alexander Graham Bell alipata hataza ya waya zilizosokotwa mwaka 1881. Ujanja wenyewe ni rahisi: waya mmoja unabeba sauti, wa pili unabeba sauti hiyohiyo ikiwa imegeuzwa. Kelele ya nje inaingia kwenye zote mbili kwa kiasi kilekile. Mwisho wa safari kifaa kinachukua tofauti kati yao, na kelele inajifuta.

Sasa pima umbali. Reli ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda, iliyokamilika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, ina kilomita 210 hivi. Kupeleka sauti ya simu umbali huo bila jozi ya waya ni kujitafutia kelele. Sebuleni kwako ni mita moja, labda mbili! Hapo waya mmoja wenye kinga nzuri unatosha. Ila kama vifaa vimechomekwa kwenye soketi tofauti, athi haieleweki na spika zinanguruma, balansi inasaidia kweli. (Fungua macho: tundu la pini tatu nyuma ya kifaa halithibitishi kwamba ndani ni balansi.)

Valvu nayo ina hadithi yake. John Ambrose Fleming aliitengeneza mwaka 1904, na miaka miwili baadaye Lee de Forest akaongeza kiungo cha tatu kilichowezesha kukuza sauti. Ili ifanye kazi lazima ipashwe moto, na moto huo ni umeme unaoliwa hata kama hakuna muziki unaopigwa.

Kwa nyumba isiyo na umeme, moto huo ulikuwa ghali. Mwaka 1949, kule Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, ilianza kuuzwa redio ya valvu nne yenye umbo la sufuria, iliyokusudiwa Waafrika wa kipato cha chini. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake shilingi 25, yaani robo ya bei ya redio yenyewe. Betri ilidumu saa 300 hivi. Ukisikiliza saa tatu kwa siku, baada ya siku mia moja unanunua nyingine. Nani alimudu hilo kwa mwaka mzima?

Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, haikuhitaji kupashwa moto. Redio ikaendeshwa na mawe machache ya volti 1.5. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipokusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima, kazi hiyo isingewezekana kwa betri za shilingi 25. Valvu haikushindwa kwa sauti, bwana. Ilishindwa dukani, kwenye bei ya betri.

Hesabu hiyo bado ipo. Mpanda mjini iliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli za TANESCO, na vijijini wengi hutegemea sola. Valvu ya ECC83, inayotumika sana kwenye priamplifaya, inakula karibu wati 1.9 kwa kupashwa moto tu. Balansi kamili inadai njia mbili kwa kila upande wa stirio, kwa hiyo valvu huongezeka. Kwa mwenye umeme wa uhakika ni kitu kidogo. Kwa mwenye paneli moja na betri ya pikipiki, valvu nne ni karibu wati 8 kabla santuri haijaanza kuzunguka.