Mdeni, Mdai na Mtu wa Katikati

Msomaji, ukiifuata barabara itokayo Wajir kwenda Mandera utapita Tarbaj, mji mdogo katika nchi ya wafugaji. Hapo mali ya mtu ni ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo wake, na uhai wa mali hiyo ni mvua. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022 mvua za misimu 5 mfululizo zilikosekana, na mifugo ikafa kwa wingi. Mfugaji aliyezoea kuchukua unga na sukari dukani kwa ahadi ya kulipa atakapouza mnyama, alibaki na jina lake daftarini, wala mnyama hana. Mwenye duka naye ana deni kwa yule aliyempa bidhaa. Na mara nyingi mdeni na mdai ni jamaa. Sisi twasema deni, Wasomali husema deyn: maneno hayo ni ndugu, na uchungu wake ni mmoja.

Mtu aliyezama namna hii huokolewaje? Dini ya Kiislamu, ambayo ndiyo dini ya watu wa Tarbaj, iliamuru tangu zamani kwamba mdeni mwenye dhiki apewe muda, tena ikamweka katika mafungu 8 ya wanaostahili zaka. Lakini ukitaka kujua yanayotokea serikali inapoingia kati ya mdeni na mdai, yafaa twende pwani, hadi Unguja na Pemba.

Huko wenye mashamba ya karafuu, wengi wao Waarabu, walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi na kuweka mashamba rehani. Bei ya karafuu ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1930, madeni hayakulipika. Mwaka 1934 serikali ya Kiingereza ilisimamisha kwa muda udai wa madeni, ikazuia pia ardhi ya Mwarabu au Mwafrika isihamishiwe watu wengine bila idhini. Mdeni akapata pumzi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, amri hizo zilikuwa na kasoro kubwa: zilimtazama mtu mmoja tu kati ya wawili. Na mdai asiyeweza kudai hakopeshi tena. Mwenye shamba atawalipa nini wachumaji? Uhasama ukakua. Amri mpya za biashara ya karafuu za mwaka 1937 zilipotoka, Wahindi waligoma, nako India, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, chama cha Congress kikaunga mkono mgomo huo. Mapatano yalipatikana mwaka 1938. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kusuluhisha madeni ya wenye mashamba, ili madai yachunguzwe na kukadiriwa, si kusimamishwa tu.

Kenya ya leo ina Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Kabla yake, mdeni aliyeshindwa hakuwa na njia nyingi ila kutangazwa mufilisi. Sheria hii humruhusu kupatana na wadai wake mbele ya msimamizi, au kulipa kwa mafungu yaliyoamriwa. Asiye na mali yoyote, ambaye deni lake si chini ya shilingi 100,000 wala si zaidi ya milioni 4, aweza kuomba njia ya tatu, ambayo mwisho wake ni kufutiwa deni.

Tazama kiasi hicho cha chini. Mfugaji mwenye deni la shilingi 40,000 dukani hana mlango huo, ingawa 40,000 zaweza kumlemea kuliko milioni zinavyomlemea mwingine. Kwake yeye mtu wa katikati ni wazee. Nawe uliyesoma huenda siku moja ukaitwa mbele yao kusoma daftari. Soma kila mstari kwa sauti, tarehe, kitu na bei. Mdeni akikana mstari, utie alama, na mwenye duka aulizwe kabla ya kuendelea. Jumla isitajwe mpaka mistari yote imesikiwa na wote wawili.